Macho ya Fundi wa Tingi

Breki ya mbele iliniacha kwenye kona ya pili, pale barabara inapoanza kuteremka kutoka Tingi kwenda ziwani. Nilibana kishikio, mkono ukaenda moja kwa moja hadi kwenye usukani bila kukutana na kitu. Nyuma nilikuwa na gunia la maharage, na juu yake tenga la kabichi. Kwa mzigo ule, breki ya nyuma peke yake ni sawa na kumzuia ng'ombe kwa kumshika mkia. Zamani barabara ile ilikuwa na mashimo na kokoto za kukupunguzia mwendo upende usipende. Tangu lami ifike, ukishaanza kuteremka umeshaanza.

Mbele yangu kona ilikuwa inakunja kulia, na baada ya ukingo hakukuwa na kitu ila vilele vya miti iliyoota chini bondeni. Nilielekeza baiskeli upande wa pili, kwenye mlima, nikavuka barabara nikiomba lori lisitokee. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro wa saruji. Kabichi zilitangulia. Mimi nilifuata.

Mama mmoja aliyekuwa akilima maharage kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, juu ya barabara alishuka mbio na jembe mkononi. Akanikuta nimekaa mtaroni nikijipapasa bega.

"Umevunjika, baba?"

"Sijui, mama."

"Inua mkono."

Niliinua. Uliuma, lakini uliinuka. Akanisaidia kuokota kabichi, na zile zilizopasuka nikamwachia. Kisha nikageuza baiskeli nikaanza kuisukuma kurudi juu. Njia nzima nilikuwa nikiangalia ile sehemu ya breki ya mbele. Chuma kinachoteremka kutoka kwenye kishikio kilikuwa kinaning'inia. Nati inayokishika haikuwepo. Haikukatika wala kuchakaa. Haikuwepo, na raba za breki ile zilikuwa mpya, zimewekwa asubuhi ileile.

Aliyeziweka alikuwa fundi wangu. Nasema wangu kwa sababu kwa miaka minane baiskeli yangu haikuguswa na mkono mwingine. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Kihagara, nikapanda milimani kwa ajili ya ndoa. Kazi yangu ni kuteremsha maharage na kabichi kwenda kwa ndugu zangu wa pwani ya ziwa na kupandisha usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kwa wakwe zangu Wamatengo. Wenzangu wamehamia kwenye pikipiki. Mimi nimebaki na baiskeli, kwa ubishi kidogo na kwa mazoea. Fundi alikuwa baba mdogo wa mke wangu. Nilimwita baba, naye akaniita mkwe. Kibanda chake cha bati kilikuwa njia panda, na pembeni mke wake aliuza chai na mihogo ya kuchemsha. Kila nilipotaka kuteremka nilipita hapo. Alikuwa na tabia ya kuinua gurudumu, kulizungusha, na kugusa spoku moja moja kwa ukucha huku ameinamisha kichwa, kama mwalimu wa kwaya anayesikiliza sauti. Ile iliyolegea aliijua kwa mlio. Watu walitoka Mbuji kumletea magurudumu yaliyopinda.

Kwa hiyo nilipofika njia panda na shati limechanika, hasira yangu ilikuwa na mshangao ndani yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinamia tairi la mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe? Mbona umerudi?"

"Breki ya mbele haina nati. Nimeanguka kona ya pili."

"Nati niliikaza," akasema.

"Haipo, baba."

"Niliikaza kwa mkono huu. Labda imelegezwa na mtikisiko."

"Mtikisiko gani kwenye lami?"

Ilikuwa sauti ambayo mtu hampandishii baba mkwe, na wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai walinyanyua vichwa. Yeye alinyoosha mkono kutafuta spana. Vifaa vyake alivipanga juu ya gunia, vimelala kwa mstari kuanzia kikubwa hadi kidogo, na nilikuwa nimeuona mpangilio ule miaka yote nikauita unadhifu. Siku ile ndiyo nilimwangalia yeye badala ya kuangalia vifaa. Macho yake yalikuwa yametazama mbele, barabarani. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikitembea juu ya gunia, kimoja, cha pili, cha tatu, vikihesabu.

Sijui nini kilinituma. Nilichuchumaa kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikaisogeza spana namba kumi upana wa kiganja, nje ya mstari.

Vidole vilifika mahali pake, vikapapasa gunia tupu. Vikarudi vikahesabu upya. Vikapapasa tena. Spana ilikuwa karibu na goti lake, mchana kweupe, inang'aa.

Niliinua macho nikakutana na ya mkewe. Alikuwa amesimama na birika mkononi. Alinitikisia kichwa polepole, mara moja tu. Nikairudisha spana mahali pake, na fundi akaichukua.

Nilipoondoka, mke wa fundi alinifuata hadi nyuma ya banda la kuanikia kahawa.

"Mkwe, nakuomba," alisema. Alikuwa ameshika pembe za khanga yake kwa mikono miwili. "Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele kabisa anakiona. Pembeni hakuna. Ilianza kabla ya mavuno ya kahawa, au labda zamani zaidi, hasemi."

"Mama, watu wanateremka mlima ule."

"Najua. Kila baiskeli naipitia kabla haijaondoka. Leo asubuhi nilikuwa na wateja wa chai, nikakukosa wewe." Akaanza kulia bila sauti. "Ukimwambia mtu umemzika. Yeye ni mikono yake. Nipe muda nimshawishi aende hospitali Mbinga. Nampeleka mimi."

Mbele yangu alikuwa mama mkwe analia. Nilijiambia ni wiki moja. Nikamwahidi kunyamaza.

Wiki moja ikawa mbili, ikawa tano. Kila mama alipotaja hospitali, fundi alisema ni vumbi, ni moshi, ni uzee, mvua zikianza vumbi litatulia na macho yatafunguka. Mimi nikajipa kazi ya ulinzi. Siku ambazo sikuteremka nilikuja njia panda asubuhi, nikakaa kwenye benchi la chai, nikajifanya mtu wa maongezi. Mteja akilipa na kushika usukani wake, nilisimama kumsaidia kushusha baiskeli kutoka juu ya jiwe la kutengenezea, na hapo ndipo nilipopitisha vidole kwenye nati. Mbili nilizikuta zimelegea. Moja ilikuwa ya katekista anayezunguka vigango vya mlimani. Niliikaza kwa mkono, yeye akiniuliza habari za watoto.

Nilikonda. Mke wangu aliniuliza kama nina mwanamke njia panda, maana siku hizi nashinda huko bila mzigo. Nilishindwa kumwambia hata yeye. Yule ni baba yake. Siku nilizoteremka ziwani zilikuwa mbaya zaidi. Nikiwa ufukweni napima usipa, nilikuwa nikiwaza nani yuko kwenye kigoda saa hii, nani anapanda baiskeli yake bila kuiangalia, kwa sababu aliyeitengeneza ni fundi yule ambaye hakosei.

Jumamosi moja nilichelewa. Mtoto wangu alikuwa na homa, nikampeleka zahanati kwanza. Nilipofika njia panda benchi la chai lilikuwa tupu na birika limefunikwa. Mama alikuwa ameitwa parokiani, kikao cha akina mama. Kivulini walisubiri wateja watatu na baiskeli zao. Fundi alikuwa anafuta mikono, ameridhika.

"Umemkosa mwalimu," aliniambia. "Ametoka sasa hivi. Nimemwekea raba mpya mbele na nyuma. Anateremka kumsalimia mama yake, kampakia na binti."

Mwalimu huyo alifundisha shule ya msingi pale kwetu. Alikuwa na binti wa miaka mitano aliyempakia nyuma kwenye keria, kwenye kiti kidogo cha mbao alichochongewa na seremala. Nilikuwa nikiwaona kila siku wakipita, mtoto ameshika mkanda wa gauni la mama yake.

Niliangalia chini. Juu ya gunia, mwisho wa mstari wa spana, ilikaa nati moja mpya na wosha yake.

"Baba," nilisema, "hii nati ni ya nani?"

"Ipi?"

Niliichukua nikaiweka kwenye kiganja chake. Aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha, akaipima uzito. Nilimwona akifahamu. Uso wake ulilegea kama turubai lililokatwa kamba.

"Ya breki ya nyuma," alisema. "Ya mwalimu." Kisha akasimama, kigoda kikaanguka, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mfuate! Mfuate, mkwe!"

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa hakina mtu, wote wamekwenda kubeba watu wa parokiani. Namba ya simu ya mwalimu sikuwa nayo. Nikarukia baiskeli yangu.

Sijawahi kuteremka mlima ule bila mzigo kwa mwendo ule, na tangu nianguke nilikuwa nikiuteremka kwa kubana breki tangu juu. Siku ile sikubana. Upepo ulinitoa machozi, nikawa naona barabara kwa kupepesa. Kona ya kwanza, hakuna mtu. Nilimpita mtu anasukuma mkokoteni wa kuni, nikapiga kelele, "Mama na mtoto, umewaona?" Akanyoosha mkono kuelekea chini. Bega langu lilikumbuka mtaro kabla yangu, likaanza kuuma lenyewe. Kona ya pili niliikata katikati ya barabara, na nilipotokea upande wa pili sikuthubutu kutazama bondeni. Nilitazama lami tu, nikitafuta kiatu, khanga, alama yoyote.

Niliwakuta kabla ya kona ya tatu, mahali mteremko unapokuwa mkali kuliko kote. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya ukingo. Mwalimu alikuwa amesimama anatazama huku na huku, na binti alikuwa amechuchumaa majanini. Alikuwa amebanwa na mkojo. Hilo tu ndilo lililowasimamisha. Hawakujua lolote.

"Habari za asubuhi!" mwalimu aliniita kwa furaha, kwa jina la mtoto wangu aliyekuwa akimfundisha. "Mbona mbio hivyo? Kuna msiba?"

Nilishuka nikashikilia usukani wangu.

"Usipande," nilimwambia.

"Nini?"

Nilikwenda kwenye baiskeli yake nikabana kishikio cha breki ya nyuma. Chuma, kilichokuwa kimeshikiliwa na ncha tu hadi hapo, kilishuka, kikachomoka, kikagonga lami. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. Binti alikuja akakiokota akampa mama yake.

Mwalimu alikiangalia. Akaangalia kona iliyo mbele, kisha kiti kidogo cha mbao. Alikuwa mtu anayefundisha hesabu, na nilimwona akihesabu.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Nimeikuta nati juu ya gunia."

"Hapana. Mtu akikuta nati huita tu, husema bahati mbaya. Wewe umekuja kama mtu aliyekuwa anaisubiri." Alininyooshea kile chuma. "Ulijua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Haoni vizuri," nilisema. "Nimejua tangu nilipoanguka."

"Tangu lini?"

"Mwezi na zaidi."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alimshika mtoto mkono, mkono mwingine akashika usukani, akageuka kuelekea juu. Nilitaka kumsaidia kusukuma. "Acha," alisema, na mimi nikaacha. Tulipanda hivyo, wao mbele, mimi nyuma hatua kama kumi. Mtoto aligeuka mara kwa mara kunitazama. Alitaka kujua kwa nini hawaendi tena kwa bibi, na mama yake akamwambia bibi atasubiri.

Tulipokaribia njia panda tuliwaona wale wateja watatu wamesimama wima, kofia mkononi, kama watu walio kanisani. Fundi alikuwa amesimama mbele ya kibanda. Vifaa vyake vilikuwa vimefungwa ndani ya gunia, gunia limefungwa kamba. Baadaye niliambiwa kwamba mara nilipoondoka aliwaambia, "Sioni. Chukueni baiskeli zenu mrudi. Na kila mtu niliyemkazia breki tangu mavuno, mwambieni akague kabla hajapanda." Aliyasema kwa sauti, na akina mama waliokuwa wakipita na ndoo wakayasikia.

Aliposikia magurudumu ya baiskeli mbili akainua uso.

"Mwalimu?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Na mtoto?"

"Yupo hapa. Tuko wazima."

Alipiga magoti. Mzee wa umri ule, mbele ya watu, alipiga magoti kwenye vumbi akanyoosha mikono, na mtoto, asiyejua kinachoendelea, akaenda kumsalimia kwa kumwekea mkono kichwani, ingawa alifundishwa kwamba kwa wazee ni yeye anayeinamisha kichwa aguswe. Alikosea upande. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema, "Inuka, baba," akamwinua. Halafu akachukua baiskeli yake na mtoto wake, wakaenda zao.

Ndipo fundi akanigeukia. Alinitafuta kidogo kwa macho, kulia, kushoto, mpaka nikaingia ndani ya lile bomba lake.

"Mama yako amefika. Ameniambia yote," alisema. Kweli, mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la chai ameziba uso kwa khanga. "Yeye ni mke wangu, aliogopa, namwelewa. Wewe ulikuwa unakuja hapa kila asubuhi unakunywa chai, unapitisha mkono nyuma yangu."

"Nilitaka kukulindia heshima, baba."

"Heshima." Alilirudia kama mtu anayeonja dawa. "Ningemuua mtoto yule nikiwa na heshima yangu. Ungeniambia siku ile ulipoanguka. Ungenipigia kelele. Siku ile ulianza kupaza sauti, nikakungoja uendelee, ukanyamaza, nikasema, basi, kama mkwe ananyamaza labda kweli ni mtikisiko. Nilikushikilia wewe."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Nilidhani kwa majuma yote yale yeye alikuwa anajidanganya peke yake. Kumbe alikuwa ananitumia mimi kama kioo, na mimi nilikuwa nimemgeuzia upande usioonyesha.

Wiki iliyofuata mama alimpeleka Mbinga. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, wa kutolewa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. Angekuja mapema, daktari alisema, wangeokoa zaidi. Mama alinipa maneno hayo bila kunitazama usoni, naye nadhani alikuwa akigawana nami yale majuma matano, nusu yake, nusu yangu.

Mke wangu alipojua, alihama chumba siku tatu.

Kibanda kilikaa kimefungwa hadi mvua za kwanza, kisha kikafunguliwa. Sasa breki anatengeneza mama. Alikuwa amekaa pembeni ya kazi ile miaka thelathini, na ikaonekana aliijua yote isipokuwa kushika spana kwa nguvu, na hilo alijifunza. Wanaume wengine walisita kumpa baiskeli zao. Wakakosa mahali pengine karibu, wakampa. Ana sheria yake: mteja hapandi mpaka achuchumae mwenyewe, ashike kila nati, abane kila breki mara tatu mbele yake. Kuna wanaonung'unika kwamba wanachelewa. Anawajibu kwamba ziwa halihami. Fundi amekaa kwenye kigoda chake, anashughulika na magurudumu. Kazi ya spoku haikuhitaji macho tangu mwanzo. Bado wanakuja watu kutoka Mbuji.

Msimu mzima wa mvua hakuniita mkwe. Aliitikia salamu yangu, alinipokelea gurudumu, alinirudishia gurudumu. Mvua zilipokwisha, siku moja mama alikuwa na malaria na tarehe ya kliniki imefika. Nilimkuta fundi amevaa shati la Jumapili, amesimama mlangoni na fimbo.

"Nani yupo?" aliuliza.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Alihamishia fimbo mkono wa pili. "Una kazi leo?"

"Sina," nilimwambia, ingawa gunia lilikuwa limeshafungwa nyuma ya baiskeli. Nililishusha nikaliacha kibandani. Tukapanda basi la Mbinga pamoja, nikamwekea nafasi dirishani, na njiani aliniuliza kahawa ya watu inaonekanaje mwaka huu. Nikamweleza shamba baada ya shamba, lililopaliliwa na lililoachwa, mpaka tukafika.

Mwalimu hajarudi kwenye kibanda kile. Baiskeli yake anaipeleka kwingine. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, mara moja, nikiwa na mke wangu. Alitukaribisha ndani, akatupa uji, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nimesikia." Tukamaliza uji, tukaaga. Mtoto alitusindikiza hadi kwenye ua.